Kufundisha Adabu za Kula Pamoja katika Shule za Kando ya Ziwa

Miongoni mwa masomo ambayo mwalimu mwanafunzi huyaona mepesi kabla hajaingia darasani, na mazito mara atokapo, ni somo la adabu za kula. Wepesi wake ni wa juujuu tu. Kila mtu hula, na kila mtu amelelewa na wakubwa waliomkanya asitafune kwa kelele wala asinyooshe mkono mbele ya wengine. Kwa hiyo mwalimu hudhani kwamba yatosha kuyaandika ubaoni yale aliyoambiwa alipokuwa mtoto. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwa nini hayatoshi, na jinsi somo hili linavyoweza kuandaliwa kwa ajili ya watoto wa Mwanza na wa vijiji vya kando ya Ziwa Victoria, ambako wengi wa wanachuo wetu huenda kufanya mazoezi ya kufundisha.

Tuanze na andalio la somo ambalo sisi wakufunzi tumelikuta mara nyingi katika madaftari. Mwalimu huchora meza yenye kitambaa, sahani katikati, kisu upande wa kulia na uma upande wa kushoto. Huwaambia wanafunzi kwamba kitambaa kidogo hutandazwa mapajani, na kwamba viwiko visiwekwe mezani. Wanafunzi hukariri, kisha huulizwa, hujibu vema, na mwalimu huandika katika daftari lake kwamba somo limefaulu. Kipindi kikiisha watoto hao hurudi kwao Sengerema, Magu au Ukerewe, wakaketi juu ya kigoda au mkeka, wakala ugali kwa mkono kutoka sahani moja na ndugu zao watano. Lile la uma na kisu halikuwafaa kitu siku hiyo, wala halitawafaa kwa siku nyingi zijazo.

Hasara hiyo ni ndogo. Iliyo kubwa ni kwamba mtoto hodari, yule asikilizaye kwa makini, huweza kuhitimisha kwamba baba yake anakula ovyo. Mwalimu hakusema neno hilo, lakini picha ya ubaoni imelisema. Mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya shule inayomtenga kijana na jamii iliyomzaa. Watu wengi hulitaja onyo hilo wanapozungumza juu ya jembe na shamba la shule, lakini mkeka wa chakula nao umo ndani yake. Mtoto akianza kuona haya kula na wazazi wake, tumemfundisha utovu wa adabu katika somo la adabu.

Hatusemi kwamba uma na kisu visifundishwe kamwe. Kijana wa madarasa ya juu anaweza siku moja kualikwa hotelini au kufanya kazi humo, na mji wa Mwanza una hoteli za kutosha. Kipindi kimoja cha vitendo chatosha kwa jambo hilo, na afundishwe kama anavyofundishwa kutumia kipimajoto, yaani kifaa chenye namna yake ya kushikwa. Kisihesabiwe kuwa kipimo cha ustaarabu.

Basi mwalimu aanzie wapi? Aanzie kwa kuuliza. Darasa moja la kando ya ziwa laweza kuwa na watoto wa Kisukuma, Kikerewe, Kikara, Kijita, Kizinza, Kihaya, Kiha na Kijaluo, na wengine ambao wazazi wao wamekuja kwa biashara kutoka Kigoma au Tanga. Wote hula ugali, lakini hawauli kwa utaratibu mmoja. Katika nyumba nyingi za Kisukuma za zamani wanaume na watoto wa kiume walikula pamoja penye shikome, yaani moto wa jioni uwanjani, ambapo wazee walisimulia na kuonya, na wanawake na wasichana walikula upande wa jikoni. Leo zimo nyumba zinazoendelea hivyo, na zimo ambazo baba, mama na watoto huketi pamoja. Katika nyumba za wavuvi utaratibu ni mwingine kabisa. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kwa taa, hasa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka sana hupumzika. Kwa hiyo mwalimu akisema darasani kwamba adabu ni kumngoja baba ndipo chakula kianze, mtoto wa mwaloni hushangaa, kwa kuwa baba yake yumo majini tangu jua lilipotua, na sehemu yake imefunikwa kwenye bakuli pembeni. Methali husema asiyekuwapo na lake halipo. Lakini nyumba ya mvuvi huishi kwa kuivunja methali hiyo kila jioni. Kuwekeana chakula ni adabu kubwa, na hatukumbuki kuiona katika andalio la somo hata moja.

Tutoe mfano wa mwanzo wa kipindi cha dakika 40 katika darasa la tatu. Mwalimu haandiki kitu ubaoni. Huuliza tu:

“Jana jioni, nyumbani kwenu, nani alinawa mikono kwanza?”

“Babu, mwalimu.”

“Na mwingine?”

“Kwetu alinawa mgeni. Mjomba alikuja kutoka Nansio.”

“Na wewe ulinawa wa ngapi?”

“Mimi wa mwisho, mwalimu. Mimi ndiye mdogo.”

“Maji yalikuwaje ilipofika zamu yako?”

Hapo aghalabu darasa hucheka, kwa sababu kila kitinda mimba anajua jinsi maji yalivyokuwa. Na hapo ndipo somo linapoanza kweli. Mkubwa kunawa kwanza ni heshima, na heshima hiyo ni njema. Lakini ikiwa watu sita wananawa katika bakuli moja, heshima ya mkubwa inageuka kuwa uchafu wa mdogo. Babu hutia mkono katika maji safi, na mtoto wa miaka minne hutia wake katika maji yaliyobeba taka za watu watano, kisha hula kwa mkono huo. Mtu asidhani jambo hili ni dogo. Kipindupindu kilipozuka mwaka 2015 kilianzia Dar es Salaam na kuenea mikoa mingi, Mwanza ikiwamo, na njia yake kuu ni maji na chakula kilichochafuliwa kwa kinyesi. Watu wa kando ya ziwa wana maji mengi mbele ya macho yao, lakini wingi wa maji si usafi wake.

Mwalimu mwenye busara hatamwambia mtoto aende nyumbani akadai kunawa wa kwanza. Hilo lingemletea kofi, na mwalimu angepata lawama anazostahili. Suluhisho ni kumiminiwa. Mtoto hushika birika au jagi, huwazungukia wote kwa utaratibu uleule wa heshima, mkubwa akianza na mdogo akimalizia, na kila mmoja hunawa kwa sabuni chini ya maji yanayotiririka. Utaratibu wa wazee haukuguswa, na maji ya wa mwisho ni safi kama ya wa kwanza. Zana zinazohitajika ni jagi, beseni na kipande cha sabuni. Shule isiyo na bomba itengeneze kibuyu chirizi: dumu dogo lililotobolewa tundu, likaning'inizwa kwenye mti wa kulalia, likafungwa kamba hadi kwenye kijiti cha kukanyagia, ili mtu asilishike kwa mkono mchafu. Wanafunzi wa darasa la tano huweza kukitengeneza katika muda wa kazi za mikono, na ni vema kiwe karibu na choo na kingine karibu na jiko.

Tumekaa sana juu ya kunawa kwa sababu linaonyesha njia ya kulishughulikia somo zima. Katika kila desturi ya chakula kuna jambo la afya, na kuna jambo la heshima, na mara nyingine kuna jambo ambalo ni la nyumba fulani tu. Mwalimu asiyatie yote katika kapu moja. Kutokuzungumza huku mdomo umejaa ni heshima, na ni afya pia, kwani ugali ukipita njia ya hewa mtu hupaliwa. Kuziba mdomo wakati wa kukohoa, na kugeukia pembeni, ni afya. Kutokuinuka kabla ya wakubwa ni heshima, ingawa katika nyumba nyingine wakubwa ndio huinuka mapema ili watoto wapate kufuta sahani. Na kama kichwa cha samaki ni cha baba, cha mgeni au cha yeyote akipendaye, hilo ni la nyumba. Mwalimu asilitolee hukumu.

Samaki wastahili maneno machache, maana hatujaona kitabu kinachoeleza jinsi ya kumla mbele za watu, na watoto wetu humla zaidi ya nyama. Sato na sangara wana miiba. Mtoto afundishwe kutoa mwiba mdomoni kwa vidole, kwa utulivu, na kuuweka pembeni mwa sahani yake au mahali palipotengwa. Asiutemee chini wala asiurudishe katika bakuli la mchuzi. Atoe nyama upande ulio mbele yake, asimgeuzegeuze samaki kutafuta minofu. Dagaa huliwa mzima, kichwa na mifupa, na hakuna la kuonea haya hapo. Tena kuna mapanki. Tangu viwanda vya minofu ya sangara vilipoanza Mwanza katika miaka ya 1990, mabaki ya mifupa yenye nyama kidogo yamekuwa kitoweo cha nyumba nyingi zenye kipato kidogo. Mapanki hayaliki kwa mkono mmoja. Mtu hana budi kushika kwa mikono miwili na kufyonza. Mwalimu akitangaza kwamba kufyonza mfupa ni ushamba, amewataja baadhi ya watoto kwa majina bila kuwataja. Aseme badala yake kwamba mfupa hufyonzwa polepole, na kwamba baada ya hapo mikono huoshwa kwa sabuni kwa kuwa shombo haiondoki kwa maji matupu.

Sasa twafika kwenye jambo zito kuliko yote, nalo ni la mboga. Nyumba nyingi huwafundisha watoto kula ugali na mchuzi kwanza, na kutogusa kipande cha nyama au samaki mpaka mkubwa agawe. Desturi hiyo ina sababu. Kitoweo kilikuwa haba, na mtoto aliyejizoeza kujizuia alikuwa mtu wa kukaribishwa popote. Sisi wenyewe tunaiheshimu. Lakini tuitazame pale watoto watano wa umri tofauti wanapokula sahani moja. Mwenye miaka 12 ana tonge kubwa na mkono mwepesi. Mwenye miaka 3 anatafuna polepole, tonge lake ni dogo, na akiinua macho sahani imekwisha. Ikiwa kitoweo nacho hugawiwa mwishoni, kipande cha mwisho na kidogo ndicho chake, naye ndiye mwili wake unaohitaji samaki na maharage kuliko wote kwa ajili ya kukua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka 5, 30 wamedumaa. Hatudai kwamba adabu ndiyo iliyowadumaza; umaskini, maradhi na mlo wa aina moja vina sehemu kubwa. Ila si haki mwalimu kufundisha desturi ya kungoja bila kuitaja hasara hiyo.

Afanye nini, basi? Wataalamu wa lishe huwashauri akina mama kumpakulia mtoto mdogo sahani yake mwenyewe, ili ijulikane amekula kiasi gani. Mwanafunzi wa darasa la tatu hana mamlaka ya kuamua hilo nyumbani, lakini ana mamlaka juu ya mkono wake. Yeye si mdogo kuliko wote. Ana wadogo zake. Adabu tunayotaka kumfundisha ni hii: akila sahani moja na mdogo wake, apunguze mwendo, akimege kipande cha samaki, akitoe miiba, akiweke mbele ya mdogo. Katika maigizo ya darasani, wanafunzi wanne waigize kaka, dada na wadogo wawili, kwa viazi vitamu vilivyochemshwa au michembe, ambavyo havina gharama kubwa. Tunashauri chakula cha kweli kitumike, hata kama ni kipande kimoja kwa kila mtoto. Walimu wengine hutumia udongo ulioviringwa kama tonge. Watoto hucheka, huviringa zaidi, na kipindi huishia katika ufinyanzi. Mkono nao hauwezi kujizuia mbele ya udongo, kwa kuwa hakuna aliye na njaa ya udongo.

Kuhusu mkono wa kushoto, wanachuo hutuuliza kila mwaka. Desturi ya kula kwa mkono wa kulia imeenea kotekote kwetu, kwa Wakristo, kwa Waislamu na kwa wafuasi wa dini za jadi, na sababu yake inajulikana: mkono wa kushoto hutumika msalani. Mtoto aliyezaliwa akitumia shoto si mtundu wala mkaidi. Asipigwe, asifungwe mkono, na kalamu aachiwe mkono autakao. Kwa chakula cha sahani moja aelezwe kwa upole kile ambacho watu watamtazamia, kisha mwalimu azungumze na wazazi wake. Akiwa na sahani yake mwenyewe shuleni, hatuoni sababu ya kumsumbua, maadamu mikono yote miwili imeoshwa.

Katika jambo la dini na miiko mwalimu awe mwangalifu kuliko popote. Kabla ya kula wengine husema Bismillahi, wengine hufanya ishara ya msalaba, wengine hukaa kimya tu. Darasani yatosha kimya cha nukta chache, kila mtoto aseme moyoni ya kwao. Wamo watoto wasiokula nguruwe. Wamo Waadventista, ambao ni wengi kando ya ziwa hili, wasiokula kambale kwa kuwa hana magamba. Mtoto wa namna hiyo afundishwe maneno ya kukataa yasiyomvunjia heshima mwenyeji, kama vile “Asante sana mama, mimi nitakula mboga hii”, na wenzake wafundishwe kutomuuliza mara ya pili. Lakini ule mwiko wa zamani uliowakataza wanawake kuku au mayai katika baadhi ya jamii zetu ni wa namna nyingine, maana ulimnyima mtu chakula asichokikataa mwenyewe. Ukitajwa na mwanafunzi, mwalimu asiukwepe. Auulize darasani: ni nani aliyefaidika nao?

Kuna maneno ya kukaribishana pia. “Karibu chakula” ni sentensi ya kwanza ya adabu katika Kiswahili cha nyumbani, na jibu lake ni kusogea na kunawa, au “Asante, starehe” kwa asiyekula. Mtoto ajue yote mawili. Ajue pia kumwamkia mwenyeji kabla ya kuketi, na kumshukuru aliyepika. Mara nyingi aliyepika yuko jikoni wala haonekani. Basi mtoto amfuate huko.

Lakini mwalimu atawezaje kufundisha “karibu chakula” katika shule ambapo saa saba mchana baadhi ya watoto hupewa makande na wengine hukaa chini ya mwembe? Chakula cha shule katika sehemu nyingi hutegemea michango ya wazazi, ya mahindi, maharage au fedha, na wazazi wasioweza kuchanga wamo katika kila kijiji. Tumewahi kuketi nyuma ya darasa katika shule moja ya kijijini, mwalimu mwanafunzi akifundisha vizuri kabisa juu ya kumkaribisha mgeni. Mvulana mmoja akanyoosha kidole na kuuliza, “Mwalimu, na yule ambaye hakukaribishwa, adabu yake ni ipi?” Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akasema watalizungumza kesho. Hatumlaumu. Swali lile halikumhusu yeye pekee, bali lilihusu shule nzima, na mahali pake ni katika kikao cha walimu na katika kamati ya shule. Mwalimu mwanafunzi anayepelekwa katika shule ya namna hiyo amwone mwalimu mkuu kabla ya kufundisha mada hii, aulize ni watoto gani hawali na kwa nini, na kama inawezekana kiasi kidogo cha chakula kitengwe kwa ajili yao. Ikiwa haiwezekani, asilifundishe somo katika kipindi kinachotangulia chakula cha mchana, na asifanye maigizo yanayomtaka mtoto aseme alikula nini jana. Yale maswali tuliyoyatolea mfano huuliza nani alinawa na nani aliketi wapi. Hayaulizi kulikuwa na nini ndani ya chungu.

Tuguse upimaji. Swali la “Taja adabu nne za kula” hupima kumbukumbu, na mtoto anayenyakua huweza kupata alama zote nne. Mahali pa kupimia ni kwenye foleni ya chakula na kwenye mkeka. Kwa muda wa wiki mbili mwalimu aketi na wanafunzi wanapokula, ale nao chakula kilekile kama kinatosha, anawe zamu yake ifikapo, na aandike baadaye katika daftari yale aliyoyaona: nani alimpisha mdogo, nani alimiminia wenzake maji, nani bado anahitaji kukumbushwa. Asiandike mbele yao. Na akila nao akumbuke kwamba naye anatazamwa. Mwalimu anayepokea simu huku mkono mwingine umo katika sinia hana la kufundisha siku hiyo.

Mwisho kuna kazi ya baada ya kula, ambayo maandalio mengi huisahau kana kwamba vyombo hujiosha. Orodha ya zamu ibandikwe ukutani, wavulana na wasichana wakichanganywa katika kila kundi la watu watano: wawili wa kuosha sufuria na sahani, mmoja wa kufagia, mmoja wa kukunja mikeka, na mmoja wa kujaza maji katika kibuyu chirizi kwa ajili ya kesho. Mvulana atakayesema kwamba kwao kuosha vyombo ni kazi ya dada yake aelezwe kwamba katika kambi za wavuvi visiwani, ambako mara nyingi wanaume hukaa peke yao kwa majuma mengi, sufuria huoshwa na mwanaume.